HOTUBA YA IJUMAA: WAPIGA MISHALE WA UHUD

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake.



Mara nyingi tunasikia kijana akisema: "Mimi ni askari mdogo tu. Vita ni vya wakubwa." Leo tutazame Uhud, ujue kama maneno hayo ni kweli.

Ilikuwa mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 wa Hijra (625). Makuraishi walikuja Madina na watu wapatao 3,000 kulipiza kisasi cha Badr. Waislamu walibaki kama 700, kwa kuwa Abdullah bin Ubayy alirudi njiani na watu 300. Mtume (s.a.w.) akaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo, chini ya Abdullah bin Jubayr (r.a.), wazuie farasi wa adui wasipite nyuma. Akawakataza kuondoka pale mpaka awatumie mjumbe, hata wakiona wenzao wanashinda, hata wakiona wanauawa.

Walifanya kazi yao vizuri. Adui akashindwa, akaanza kukimbia. Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Walipoona wenzao wanaokota ngawira, walisema: vita vimekwisha, tusikose fungu letu. Kamanda wao akawakumbusha amri ya Mtume. Hawakusikia. Wengi wakashuka, wakabaki kama 10.

Khalid bin al-Walid, ambaye siku hiyo alikuwa bado upande wa Makuraishi, aliona kilima kimeachwa. Akazunguka na farasi wake, akawaua wale wachache waliobaki, akawapiga Waislamu kwa nyuma. Ushindi ukageuka msiba. Waislamu 70 wakafa mashahidi, na Mtume mwenyewe (s.a.w.) akajeruhiwa usoni na kuvunjwa jino.

Angalia sana, ndugu yangu. Wale hawakukimbia kwa woga. Walidhani tu kwamba mahali pao hapana maana tena. Kutoka pale walipo waliona ngawira, hawakuwaona farasi.

Na siku hiyohiyo Nusayba bint Kaab (r.a.), mwanamke aliyekuja na kiriba kuwanywesha majeruhi, alipoona watu wanatawanyika alishika upanga akasimama kumkinga Mtume (s.a.w.), mpaka akapata jeraha kubwa begani. Hakuna aliyempa cheo.

Je, kusimama mahali pako ni kutii kila amri? Hapana. Kamanda mmoja wa Kiislamu alikasirika, akawaamuru askari wake wawashe moto waingie ndani. Walikataa, wakasema: sisi tulimkimbilia Mtume ili tuokoke na moto! Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema kwamba kama wangeingia wasingetoka humo, na kwamba utii ni katika mambo mema tu.

Basi wewe uliye na bunduki, na wewe mzazi uliye na mtoto jeshini, sikiliza. Askari anayeacha zamu yake usiku kwa ajili ya kuku wa mwanakijiji, ameacha kilima. Anayesimama kwenye bariyeri na kumnyang'anya mama muhogo wake, ameacha kilima, na kijiji kizima kitakosa kumwamini. Na anayeambiwa achome nyumba za watu akakataa, huyo amesimama, hata kama hana alama yoyote begani.

Waliokosea Uhud walisamehewa. Katika Suratu Aali Imran Mwenyezi Mungu anamwamrisha Mtume wake awasamehe na ashauriane nao. Hivyo aliyeshuka na apande tena leo, kabla farasi hawajafika.

Ewe Mola wetu, tuthibitishe miguu yetu, wape watoto wetu ujasiri wa kukataa dhulma, na uijalie nchi yetu amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Ukisha soma, mpe jirani yako. Usiitupe karatasi hii, ina jina la Mwenyezi Mungu.)