Mlango wa Nyumbani na Jua Lake



Sisi tulioondoka Unguja tungali vijana, kila tukirudi huutazama mlango kwanza. Wa kwetu, Mji Mkongwe, ni wa nakshi, na jua la asubuhi huupiga uso mzima. Miaka kadhaa iliyopita, ndugu tulio nje tulichanga tukapeleka makopo ya vanishi. Dada yetu aliyebaki nyumbani akasema, "Nyinyi mnataka ung'are, mimi nataka ufungike." Tukacheka.

Haikupita misimu miwili vanishi ikabambuka. Aibu yetu wahandisi ni kuwa sababu yake tuliisoma chuoni. Kinachogandisha nyuzi za mbao ni lignini, nayo hunyonya mionzi ya urujuanimno ikavunjika. Mvua huisomba, zikabaki nyuzi za kijivu. Vanishi isiyo na rangi huipitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo, mbao ikachakaa chini kwa chini, na vanishi ikakosa pa kushika. Kinga ya kweli ni madini. Oksidi ya chuma, ndugu yake kutu, huinyonya mionzi kabla haijafika kwenye mbao. Uswidi wamelijua hili kwa vitendo karne nyingi: nyumba zao nyekundu hupakwa rangi itokanayo na mgodi wa shaba wa Falun. Mgodi ulifungwa 1992, rangi ingali inauzwa.

Lakini madini hufunika. Je, ni haki kuuficha uso wa kitu ili kiishi? Wako wanaosema tuuache mlango uzeeke. Kweli, mbao laini isiyopakwa hupoteza kama milimita 6 tu kwa karne, na mbao ngumu chini ya hapo. Ubao utabaki. Nakshi je, ambazo mistari yake mingine haina kina cha milimita 6? Basi kuacha nako ni kuamua.

Ipo oksidi iliyosagwa laini mno, inayoacha mishipa ya mbao ionekane, ila hutia wekundu. Tukadhani tumemaliza. Dada akauliza: nani atapanda ngazi kuipaka tena kila baada ya miaka michache? Tukanyamaza, kila mtu akihesabu likizo zake.

Kwa maoni yetu, kosa letu halikuwa la kemia. Tulitaka mlango ubaki vile tulivyouacha, na gharama ya hamu hiyo tukamtwisha anayeufungua kila alfajiri. Sasa rangi ameichagua yeye, nyekundu kuliko tulivyopenda. Ujira wa fundi tutatoa kwa zamu, na zamu ya kwanza ni ya ndugu yetu wa Maskati, aliyeipinga rangi hiyo kuliko sote.