Usafi wa Moyo na Kazi ya Kila Siku

Wako wadhanio kwamba moyo hutakasika kwa kujitenga na watu, na kuwa amtafutaye Mungu hana budi kuzipa kisogo shughuli za dunia. Sisi hatukubaliani nao, na ushahidi wetu uko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi.

Hapo alifika Adrien Atiman mwaka 1889. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Hadi alipofariki mwaka 1956, aliwatibu wagonjwa wa Karema na kuwafundisha watu dini. Hiyo ni miaka 67.

Mtu aliyeuzwa kama mbuzi alikuwa na sababu ya kuwachukia wanadamu. Lakini chuki hukosa makao katika moyo unaohangaikia maumivu ya mwenzake.

Hatusemi kuwa kazi peke yake yatosha, kwani yuko atendaye wema ili asifiwe. Sala humwonyesha mtu njia. Kidonda cha jirani humpima kama kweli anaifuata. Ajiitaye msafi huku akimkimbia mgonjwa anayenuka, huyo amejidanganya.

Basi tusingoje upweke wa jangwani, sisi walimu wa Mpanda, wakulima na wanafunzi. Kila jioni, kabla ya kusali, tujiulize: leo ni nani aliyepata nafuu kwa mikono yetu?