Taa ni Yako, Daladala ni ya Nani?

Hebu nikuulize, ndugu msomaji: umewahi kupanda gari lenye breki mbili? Usidhani ni gari la kifahari. Ni kigari kilichochoka, herufi L nyekundu mbele na nyuma, wanafunzi wawili mmekaa kiti cha nyuma mnangoja zamu, mwenzenu kashika usukani, na kushoto kwake mwalimu ana breki yake mwenyewe chini ya mguu.

Mimi nilijifunza hivyo, Dar es Salaam, mwaka 2019. Siku za mwanzo tulizungushwa mitaa ya nyuma, klachi na gia, mchezo wa watoto. Kazi ilianza tulipopelekwa kwenye mataa ya Magomeni, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Kawawa. Wanaopajua wanapajua. Daladala zinachungulia, bodaboda zinapenya kila upenyo, na katikati kuna mwendokasi, ambayo tangu 2016 ina njia yake na haina mzaha na mtu.

Siku hiyo usukani alikuwa nao dada mmoja mpole, muuza vitenge. Taa ikawa kijani. Akaachia klachi taratibu, kama alivyofundishwa. Mara daladala hiyo, kutoka kulia, ikapita na nyekundu yake, konda ananing'inia mlangoni. Gari letu likasimama ghafla, sisi wa nyuma pua kwenye viti. Aliyekanyaga breki hakuwa dada. Alikuwa mwalimu.

"Umeona kijani ukafumba macho," mwalimu akasema.

"Lakini mwalimu, si taa ilikuwa yangu?"

"Taa ni yako. Daladala je, ni ya nani?"

Tukacheka, mimi wa kwanza. Lakini usiku swali la yule dada likaning'ang'ania. Maana kama mwalimu anasema kweli, anatufundisha nini hasa? Kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo, taa ipo, lakini mwenye haki ndiye wa kusubiri na mkosaji ndiye wa kupishwa! Ukifundisha vijana elfu moja hivyo, umemfundisha na yule dereva wa daladala, tena bila kulipa ada. Ameshajua kwamba akiingiza pua tu, wote watakanyaga breki. Woga wetu ndio kijani chake.

Nililipeleka jambo hili kijiweni. Fundi mmoja wa magari akaniona mjinga kabisa. "We kaa na haki yako," alisema, "sisi tutakuja kuisindikiza makaburi ya Kinondoni."

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Tena haki yenyewe siendeshi peke yangu. Nyuma yangu kuna mama na mtoto mgongoni, na hao hakuna aliyewauliza kama wako tayari kufa kwa ajili ya kanuni. Shingo yangu naweza kuiweka rehani. Zao sina ruhusa. Basi nakubali: breki ikanyagwe, na mwanafunzi afundishwe kwamba kijani maana yake ni unaruhusiwa, siyo kwamba njia ni nyeupe. Atazame kulia, kushoto, kulia tena. Na trafiki akisimama pale kati, mkono wake uishinde taa, maana hiyo nayo ni sheria.

Ugomvi wangu na mwalimu uko kwenye kile kicheko. Kumpisha mkorofi ni jambo moja, kumchekea ni lingine. Breki iliokoa shingo zetu, lakini kicheko ndicho somo tulilotoka nalo. Na mwanafunzi anayemchekea dereva yule leo, mpe daladala kesho, na tajiri anayesubiri hesabu jioni, uone kama hatapita na nyekundu.

Bibi zetu hawakupita njia panda hivi hivi. Ukikuta chungu kilichovunjika na vijisenti vya kafara, unakizunguka bila kuuliza. Sisi tumeweka taa mahali pa chungu, tukadhani hakuna tena cha kuogopa.

Wiki iliyofuata, Jumapili alfajiri, tulirudi mataa yale yale, usukani kwa dada yule yule. Nyekundu. Barabara tupu, hata mwendokasi haionekani. Nyuma yetu lori likaanza kupiga honi. Mwalimu akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Hakuna mtu, dada."

"Nyekundu, mwalimu."

Lori likatupita pembeni, dereva akitutukania mama zetu. Safari hii kiti cha nyuma hakuna aliyecheka. Nikainama kidogo kumchungulia mwalimu miguuni. Mguu wake haukuwa kwenye breki.