Msala Upitao

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwafungulia mlango wanafunzi wa kujilipia, waliokuja kujulikana kama wa sambamba. Wakati huo wengi walipata C+ katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, alama ya chini kabisa ya kuingia chuo kikuu, lakini serikali ilidhamini wachache tu, kwa kadiri ya vitanda vilivyokuwepo mabwenini. Miongoni mwa wazazi wa waliobaki nje, wapo waliokuwa tayari kuuza hata shamba.

Fedha zikamiminika, na vyuo vingine vikafuata. Jioni karani wa benki alitoka kazini, akapanda ngazi za jengo la katikati ya jiji, duka likiwa chini na darasa juu, akasoma hadi usiku. Wahadhiri wakaajiriwa, mabewa yakafunguliwa mji baada ya mji. Vyuo vikuu vya umma, vilivyokuwa 7, vikafika 22 kufikia 2013. Serikali nayo, ilipoona vyuo vinajitafutia, ikalegeza mkono.

Kisha ukaja mtihani wa KCSE wa 2016. Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, alikuwa ameziba mianya ya udanganyifu, na waliopata C+ na zaidi wakashuka hadi 88,929, kutoka zaidi ya 160,000 mwaka uliotangulia. Nafasi za udhamini zikawatosha, nyingine zikiwa katika vyuo vya kibinafsi. Soko la sambamba lilikuwa limezaliwa na uhaba wa nafasi za serikali. Uhaba ulipokwisha, nalo likaporomoka.

Lakini mzigo wa mishahara ulibaki pale pale. Mabewa yakafungwa, madeni yakarundikana. Wahadhiri waliona kwenye hati za mshahara makato ya pensheni na ya chama cha akiba, kumbe chuo hakikuwa kimeyawasilisha. Serikali nayo haikutoa kikamilifu mgao ilioahidi kwa kila mwanafunzi.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Chuo kinachoajiri watu wa kudumu kwa karo ya msimu kinawatwika hatari wasiyoichagua. Na serikali inayoidhinisha chuo kipya bila kukitengea fedha inaahidi elimu isiyokusudia kuilipia. Kila mwanasiasa anayedai chuo kikuu kwao aulizwe kwanza: mwaka wa kumi, mhadhiri wake atalipwa na nani?