Wokovu Hauna Bei, Mjukuu Wangu

Kaa hapo, mjukuu wangu. Sikukuita nikugombeze, nguvu hizo sina tena. Ile methali ya asiyesikia la mkuu unaijua tangu chekechea, sitairudia. Nauliza tu: mwezi huu umemtumia yule nabii wako shilingi ngapi kwa simu?

Usinijibu. Mkeo ameshamweleza bibi yako. Mbegu ya kufungua milango, mbegu ya kuvunja laana ya ukoo, chupa ya mafuta ya upako, chupa ya maji. Huo ukoo wenye laana ndio sisi, mimi na bibi yako. Haya, tumeshaitwa mengi.

Habari ya wokovu ni fupi. Sisi ni wakosaji na hatuwezi kujisafisha. Yesu akafa msalabani kwa ajili yetu, akafufuka siku ya tatu, na anayetubu na kumwamini anasamehewa bure. Uliyakariri hayo kwenye kipaimara, ukavaa shati jeupe, tukachinja mbuzi. Nadhani ufupi wake ndio unaokusumbua. Binadamu akipewa kitu bure hutafuta pa kulipia, kwa sababu akishalipa anajiona ana haki ya kudai.

Biashara hii haikuanza na huyo wako. Simoni mchawi, kule Samaria, aliwatolea mitume fedha ili naye apate kugawa Roho Mtakatifu, na Petro akamkemea yeye na fedha zake. Ujerumani waliuziwa vyeti vya msamaha wa adhabu za dhambi, Luther akavipinga kwa hoja 95, tarehe 31 Oktoba 1517. Na hapa kwetu, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye msongamano uwanjani Moshi wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki marehemu wale. Mtu hakimbilii mafuta bila shida inayomsukuma. Ninachouliza ni nani aliwafundisha kwamba Mungu yuko kwenye mafuta yale na hayuko chumbani kwao.

Na sisi wazee wa kanisa tusijitoe. Ukiona kanisa linasuasua kumzika mtu kwa kuwa bahasha zake za sadaka zilikuwa tupu, ujue nalo limefungua duka, ila halina spika kubwa.

Soma Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na Sila wamechapwa viboko kule Filipi, wametupwa chumba cha ndani kabisa, miguu imebanwa kwenye mkatale. Usiku wa manane wanaimba. Tetemeko linapiga, milango inafunguka, minyororo inalegea. Askari wa gereza anaamka, anachomoa upanga ajiue, maana anadhani wafungwa wametoroka. Paulo anampigia kelele asijidhuru, wote wapo. Askari anaingia na taa akitetemeka, anauliza afanye nini apate kuokoka. Hebu fikiri nabii wako angeulizwa swali hilo, saa hizo, na mtu mwenye mshahara! Paulo alimwambia amwamini Bwana Yesu, ataokoka yeye na nyumba yake. Hakutajiwa kiwango wala namba ya kutumia.

Tazama alichofanya askari saa ile ile. Aliwachukua akawaosha majeraha. Mgongo uliochapwa mchana, damu imeshagandamana na nguo, unaoshwa usiku na mtu yule yule aliyewabana miguu. Kisha akabatizwa na watu wake, akawaandalia chakula. Hakuosha ili aokolewe. Aliamini, na mikono ikafuata yenyewe.

Ndiyo maana nakwambia kwamba bure si lelemama. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakumlipa Yesu hata senti moja. Aliowanyang'anya ndio aliowaahidi kuwarudishia mara nne. Na uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana hivyo hivyo. Watu wake, walioitwa Walokole, waliungama, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na waliokosana nao. Baadaye wengine wao waligeuka mahakimu wa nywele na mavazi ya wenzao, lakini hilo tuliache leo.

Utaniuliza mbona bado una shida kama umesamehewa. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliahidiwa paradiso, na bado alikufa msalabani jioni ile. Msamaha haukumshusha. Anayekuahidi kwamba imani itakupa gari na cheo anakuuzia kitu ambacho Yesu hakukiahidi.

Sasa sikiliza la mwisho, nikalale. Yule fundi aliyekupaulia nyumba hujammalizia hela yake, nami nakutana naye njiani naona haya. Kesho usitume mbegu kwa mtu. Piga magoti chumbani kwako, mwambie Mungu uliyoyafanya bila kuyapamba, amini kwamba amekusamehe kwa ajili ya Yesu. Kisha mpelekee fundi hela yake, umwombe radhi kwa kumchelewesha.