Muhali na Ukweli

Watu wawili wasemao lugha mbili wana ulinzi ambao watu wawili wasemao lugha moja hawana. Wale wa kwanza hujua kuwa hawajaelewana, wakatafuta mkalimani. Hawa wa pili hudhani kuwa wameelewana, na dhana hiyo huwachukua mbali kabla hawajatambua kuwa kila mmoja alishika njia yake. Kiswahili kimetupa neema kubwa ya kusemezana, mtu wa kisiwani na mtu wa bara, mtu wa Lamu na mtu wa Kigoma. Lakini hakuna neema isiyokuwa na mtihani wake, nami nataka kuutazama mtihani huo katika neno moja tu, nalo ni muhali.

Katika Kiarabu, neno hili lilikotoka, muhali ni jambo lisilowezekana. Katika Unguja na Pemba neno limeingia moyoni likapata maana ya pili. Kumwonea mtu muhali ni kushindwa kumkatalia, si kwa kukosa sababu, bali kwa kuwa uso wake umesimama mbele yako, nawe huna nguvu ya kuuadhiri. Kukataa kumekuwa jambo lisilowezekana. Basi swali langu ni hili: mtu asiyesema hapana kwa sababu ya muhali, je, amesema uwongo?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata katika kisiwa cha Fundo, kilichoko upande wa magharibi wa Pemba, si mbali na Wete. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, na miaka ile nilikwenda Fundo kukusanya maneno ya wavuvi kwa ajili ya masomo yangu. Wavuvi wa Pemba wana ada ya zamani ya kwenda dago: huondoka kwao wakapiga kambi katika pwani za mbali, hata katika mwambao wa Kenya, wakavua huko kwa siku nyingi ndipo warudi. Nilitamani kusafiri nao ili niyasikie maneno yao yakiwa kazini. Nikamwendea mwenye chombo, mzee aliyekwisha kuiacha bahari na kumwachia mwanawe usukani, nikamwomba nafasi moja. Alinikaribisha kahawa, akaniuliza hali ya mama yangu, kisha akasema, "Inshallah, mwalimu, tutazame bahari itasemaje."

Nikaondoka na furaha. Asubuhi ya kwanza nilikwenda pwani na mfuko wangu begani, nikaambiwa upepo bado. Asubuhi ya pili nikaambiwa tanga linashonwa. Asubuhi ya tatu nilikuta alama ya mkuku mchangani, na chombo kilikuwa kimeondoka na maji ya alfajiri. Nilipanda kijijini kwa hasira, nikamkuta yule mzee barazani pamoja na mkwewe, na mbele ya mkwewe nikamwambia kuwa amenidanganya. Hakujibu ila kwa neno moja: "Samahani, mwalimu." Jioni akaniletea mtungo wa changu. Nikawala samaki wale, nikidhani kuwa nimeshinda.

Mwenyeji wangu ndiye aliyenifumbua macho. "Mwalimu," alisema, "jibu ulipewa siku ile ya kwanza. Mtu aliyekubali kukuchukua hukuuliza mizigo yako, hakuulizi hali ya mama yako. Inshallah yenye saa ya maji ni ahadi. Inshallah isiyokuwa na saa ni pole." Kisha akanieleza sababu. Nafasi za chomboni zilikuwa zimehesabiwa. Kunichukua mimi kungemwacha pwani baharia mmoja mwenye watoto, naye angelikosa fungu lake katika mgawo wa dago lile. Mzee hakutaka nijue kuwa elimu yangu ingekula chakula cha watoto wa mtu. Nikamwuliza, "Mbona wewe uliniona nikishuka pwani siku tatu usiniambie?" Akainamisha kichwa, akacheka kidogo, akasema, "Nilikuonea muhali."

Tuamue sasa kwa uadilifu. Mimi nililelewa na bibi aliyetufunza kuwa mtu hukataliwa mchana, ili apate kutafuta pengine kabla ya usiku. Kwake yeye, hapana iliyo wazi ni sadaka, kwa maana humwachia mwombaji siku yake. Kwa mizani hiyo mzee wa Fundo aliniibia siku tatu. Hoja hii si dhaifu, na mtu asiitupe kwa kusema kuwa ni ukavu wa watu wa bara.

Lakini katika mizani ya Fundo, mimi ndimi niliyekuwa mwivi. Katika kisiwa kidogo mtu uliyemwadhiri leo ndiye utakayeswali pamoja naye kesho, ndiye atakayekuozea binti yake, ndiye atakayekusaidia kukivuta chombo chako pwani na kubeba jeneza la baba yako. Neno kali halina pa kwenda, huzunguka kisiwani mpaka likamrudia aliyelisema. Kwa hiyo watu wamejifunza kukataa bila ya kumvua mtu sitara yake. Kukataa huko ni kweli kamili kwa mwenye kukisoma, maana alama zake zinajulikana na kila mtoto. Uwongo ni neno linalokusudiwa kumpotosha msikilizaji. Mzee hakukusudia kunipotosha, bali alinijibu kwa hati nisiyoijua kuisoma.

Hapa ndipo lugha moja ilipotuponza. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa nchi za Afrika Mashariki. Kazi hiyo ilitupatia tahajia moja na kamusi moja. Tofauti za maneno hujitangaza zenyewe: mtu wa Mombasa akisema mato kwa macho, au ndia kwa njia, sikio la mgeni hushtuka na kuuliza. Lakini hapana kamati iwezayo kusanifisha inshallah. Neno ni lile lile midomoni mwa watu wote, sikio halishtuki wala ulimi hauulizi. Tulisawazisha maneno tukadhani kuwa tumesawazisha maana.

Yuko atakayesema kuwa basi wapwani ni watu wa mafumbo na wabara ni watu wa wazi, na kila mmoja abaki na tabia yake. Sikubali, na ushahidi wangu uko Fundo kwenyewe. Siku nyingine nilipelekwa kuvua karibu na kisiwa, nikamsikia nahodha kijana, mpole kupita kiasi akiwa barazani, akiamrisha chomboni: tweka, bisha, tua! Hakuna aliyeulizwa hali ya mama yake. Baharia aliyekosea aliambiwa kosa lake papo hapo mbele ya wenzake, wala hakununa. Nilipomwuliza baadaye, alinijibu kuwa wimbi halimwonei mtu muhali. Basi watu wale wale wana ndimi mbili, moja ya baraza na moja ya chombo, nao wanajua mpaka ulipo. Na sisi wa bara vile vile tuna mahali tunapofumba: mbele ya wakwe, mbele ya mgonjwa, mbele ya msiba. Hatutofautiani kwa kuwa hawa wana muhali na wale hawana. Tunatofautiana kwa mahali tunapouweka mpaka baina ya baraza na chombo.

Ikiwa hivyo ndivyo, wajibu wa pande mbili huonekana. Mgeni alitilie shaka sikio lake kabla ya kuutilia shaka ulimi wa mwenzake. Naye mwenyeji akumbuke kuwa fumbo ni sitara kwa ajuaye na ni shimo kwa asiyejua. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini mgeni si mjinga, ni mwerevu wa mahali pengine, na kumwacha ashuke pwani siku tatu si heshima tena.

Tena yako mambo ambayo ni chombo hata yakisemwa barazani. Mgonjwa anayemwitikia daktari ndiyo kwa adabu tu, hali hakunywa dawa, yumo baharini. Mwanamwali anayeulizwa juu ya posa, ambaye kwa sheria iliyozoeleka pwani kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa, yumo baharini. Mama yake mwenye mapenzi hutambua kimya cha haya na kimya cha kilio. Mtu wa mbali hawezi, naye asiyeweza kutambua ana wajibu wa kuuliza tena mpaka asikie neno. Mahali ambapo kosa la kusikia litagharimu mwili wa mtu, au riziki yake, au maisha yake, muhali hauna budi kukaa kando.

Siku ya pili yake nilirudi kwa yule mzee kumtaka radhi. Sikumaliza sentensi yangu, akaniuliza hali ya mama yangu. Safari hii nilifahamu kuwa neno limefungwa, na kuwa nimesamehewa kabla sijaomba. Nikamjibu kuwa mama ni mzima. Tukanywa kahawa. Lakini nilipokuwa nikiaga aliniita akasema, "Mwalimu, ukitaka jambo tena, niambie kuwa walitaka kwa Kitabora, nami nitajitahidi kukujibu kwa Kitabora." Sijapata kusikia heshima kubwa kuliko hiyo. Mwenye kuiacha desturi yake kwa dakika moja ili mgeni asipotee hakuipoteza, bali ameitimiza. Na mgeni aliyefunzwa hivyo hana udhuru tena wa kutojua kusoma.