Mlango Ukifunguliwa, Je, Hifadhi Imetimia?



Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23, maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi wakaingia Cibitoke. Wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Kwetu Buyenzi alifika kijana mmoja kutoka Kamanyola, jamaa wa mbali wa mama. Tukampa mkeka na sahani. Siku ya tano jirani akaniuliza, "Huyo mgeni wenu ana karatasi?" Nikamjibu, "Ana sisi." Jibu hilo lilinipendeza mwenyewe, lakini usiku nilikosa usingizi. Je, sisi tunamtosha?

Sheria ya kimataifa inajua hifadhi za namna mbalimbali. Iliyo ya kawaida ni ile anayopewa mtu ndani ya ardhi ya nchi nyingine. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtaka awe na hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa siasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua mlango: anayekimbia vita na machafuko naye ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemlenga yeye binafsi. Mgeni wetu hakuwa na adui anayejua jina lake, na bomu haliulizi jina.

Nyingine ni hifadhi ya kidiplomasia. Hapa hapa Bujumbura, Julai 1996, Rais Sylvestre Ntibantunganya alikimbilia makazi ya balozi wa Marekani, siku mbili kabla ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka. Hakuvuka mpaka wowote. Alilindwa na kanuni kwamba askari wa nchi hawaingii ubalozini bila idhini, si na haki ya hifadhi inayokubaliwa na mataifa yote. Mwanasiasa wa Peru, Haya de la Torre, alikaa miaka mitano katika ubalozi wa Colombia mjini Lima. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliona hifadhi ile haikutolewa kihalali, kisha ikasema Colombia hailazimiki kumkabidhi. Alikuwa salama, lakini hakuweza kutoka.

Azimio la Haki za Binadamu la 1948 linampa kila mtu haki ya kutafuta hifadhi. Haliilazimishi nchi yoyote kuitoa. Kinachozibana nchi zaidi ni katazo: usimrudishe mtu kwenye hatari. Mkataba wa Afrika unakataza hata kumzuia mpakani.

Sisi Waislamu tunapenda kumtaja Najashi wa Habasha, aliyekataa zawadi za Makuraishi na kuwasikiliza kwanza Waislamu waliomkimbilia. Lakini Surat Tawba, aya ya 6, inadai zaidi ya kupokea. Hata mshirikina akiomba ulinzi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi, kwa sababu nilikumbuka Gatumba. Wakimbizi wa Kibanyamulenge walikuwa wamekwisha kupokewa pale, karibu kabisa na mpaka, ingawa mkataba wa 1969 unataka wakimbizi wakae mbali nao kadiri inavyowezekana. Usiku wa Agosti 13, 2004, zaidi ya 150 waliuawa. Mlango ulifunguliwa, amani haikufikiwa.

Jirani yangu si mtu mbaya. Nchi yetu ni maskini, na wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni. Bibi yangu, aliyekimbilia Tanzania mwaka 1972, anaisoma vingine: "Mjukuu wangu, anayekupa jembe amekupa na shamba." Yeye alilima Ulyankulu, kisha akarudi. Waliobaki, takriban 162,000, walikubaliwa uraia wa Tanzania.

Asubuhi nilimpeleka mgeni wetu kuandikishwa. Nilijua maana yake: wanaoandikishwa walikuwa wakipelekwa Musenyi, Rutana, mbali na mpaka na mbali nasi pia. Mama alinuna. Alisema nimemtoa mtoto wa watu kwenye nyumba nikampeleka kwenye hema. Sikuwa na jibu zuri. Nilichojua ni kwamba bila karatasi usalama wake ungetegemea moyo wetu, na moyo wa mtu huchoka. Karatasi haina huruma, lakini anaweza kuidai haki yake kwayo hata siku sisi tumechoka.

Wala karatasi peke yake haitoshi. Ijumaa ijayo wanajumuiya tunakusanya nguo na madaftari ya kupeleka Musenyi. Mama amenituma nimpelekee mkeka wake.

Wallahu a'lam.